Kabla Kijana Hajakosa Pa Kulala

Mtu apitaye usiku stendi ya Ifakara, au angojaye treni ya TAZARA iliyochelewa, akawaona vijana waliojilaza juu ya maboksi bila kuwa na safari yoyote, aghalabu hudhani kuwa walitoka nyumbani juzi kwa ghadhabu ya siku moja. Lakini akiwaketisha na kuwauliza kwa upole, pasipo makelele ya mgambo wala mahubiri, atasikia habari iliyoanza mwaka mmoja au miwili nyuma, ndani ya nyumba iliyokuwa na paa, mlango, na watu wazima wenye akili zao timamu. Ndiyo sababu nasaha hizi siwaandikii waliokwisha fika barazani, ambao nitawataja baadaye. Nawaandikia wazazi, wajomba, mashangazi, walimu, mafundi wenye wanagenzi, na wenyeviti wa vitongoji vya bonde hili la Kilombero, tangu Kidatu hadi Mlimba, na ng'ambo ya mto hadi Lupiro na Malinyi. Rai yangu ni kwamba ujuzi wa kutunza maskani hufundishwa mtoto angali ndani ya maskani, kwa fedha halisi na kwa majukumu halisi, nao hutangulia ufundi wowote wa mikono. Kwa kuwa fundi hodari asiyejua kudumu katika chumba alichopanga atalala nje na vyombo vyake vya kazi mkononi.

Katika bonde hili kupotelewa na makao kuna majira yake, na majira hayo huufuata mpunga. Mvua zikishaanza, kaya nyingi za Kiberege, Idete, Mchombe na Mngeta huziacha nyumba za kijijini zikaenda kukaa mashambani, katika vibanda vya miti na nyasi na juu ya madungu, ili kupalilia, kuamia ndege, na kuwazuia nguruwe na viboko wasiumalize mpunga kabla ya mwenyewe. Na huko hukaa miezi, wengine mpaka mavuno ya Mei na Juni yaishe. Watoto wadogo huchukuliwa, shule ikawakosa. Wakubwa kidogo huachwa kijijini walinde nyumba, wakijipikia, wakijiamsha, na kulala bila mtu wa kuwauliza walikuwa wapi. Wataalamu wa malaria wa Ifakara, ambao kazi yao ilianzia katika maabara ndogo ya Mswisi Rudolf Geigy miaka ya 1950, wameziandika sana nyumba hizo za shamba kwa ajili ya mbu na vyandarua. Mbu amefuatwa mpaka dunguni. Mtoto aliyeachwa nyumbani sioni aliyemfuata kwa bidii ile. Basi kijana wa miaka 13 anayekaa peke yake tangu Januari hadi Juni hujizoeza jambo ambalo mzazi hakulikusudia, kwamba nyumba ni mahali pa kulaza ubavu tu, na kwamba wakubwa wanaweza kuondoka na mambo yakaenda. Siku nyumba hiyo itakapomuudhi, hataona taabu kuiacha.

Milango mingine ya kutokea nje haina majira, ila nayo yajulikana. Uko msiba, ambao huwaleta jamaa kugawana bati na baiskeli kabla ya arobaini. Iko ndoa mpya ya mama au ya baba, ambayo humgeuza mtoto wa kwanza kuwa mgeni penye sahani. Yako matokeo ya kidato cha nne, yatangazwayo mwanzo wa mwaka na kumfanya kijana aliyekuwa mwanafunzi jana kuwa mzigo leo. Na kwa binti iko mimba. Huko Kidatu na Ruaha, penye mashamba ya kampuni ya sukari, vijana hukata miwa kwa malipo ya kipande na kulala kambini ama katika vyumba vya kuchangia, na kiwanda kinapofungwa kupisha masika, kazi na chumba hukoma pamoja.

Serikali za zamani zilijaribu dawa ya mkato. Enzi za Mwingereza, aliyeonekana Dar es Salaam hana kazi aliweza kukamatwa na kurudishwa kwao, na mwaka 1983, kwa sheria iliyoitwa ya Nguvukazi, wale walioitwa wazururaji walikusanywa mijini wakapelekwa mashambani. Wengi walirejea mjini baada ya muda mfupi. Sina haja ya kuwalaumu waliotunga amri zile, maana ukata wa wakati ule ulikuwa mkali. Lakini dosari yao ilikuwa kumdhania kila mtu kuwa anako kwao, na kwamba huko kwao kuna mlango atakaofunguliwa.

Sasa niingie katika mafunzo yenyewe, na nianze na fedha, kwa kuwa ndipo wengi wanapojikwaa. Vitabu vya stadi za maisha vinavyogawiwa shuleni na semina zinazofanywa ukumbini aghalabu humwaza mtu wa mshahara, apokeaye kila mwisho wa mwezi na kugawa kidogo kidogo. Ilhali kijana wa bonde hili hupokea fedha zake zote mara moja, Juni au Julai, kisha hukaa miezi kumi na zaidi akiokota vibarua. Na mwenye nyumba wa mjini Ifakara hamwombi kodi ya mwezi. Humwomba ya miezi 3, au 6 kwa mpigo. Ndiyo kusema kwamba kijana huyu anahitaji hesabu ya namna nyingine, ambayo mfugaji na mkulima wa zamani aliijua kwa mazoea na mtoto wa leo hakufundishwa na mtu. Tuseme amekodi ekari moja, akalipa kodi ya shamba, trekta na vibarua, akabakiwa na gunia 8 za mpunga. Tuseme chumba anachokitaka ni shilingi 25,000 kwa mwezi, na gunia mwezi Juni ni 60,000 lakini Januari hufika 90,000. Mketishe mbele ya magunia yenyewe, wala si mbele ya ubao, umwambie ayagawe kwa mikono yake: gunia 3 ziuzwe sasa, zimpatie 180,000, ambazo 150,000 ni kodi ya nusu mwaka na 30,000 ni za sabuni, ndoo na godoro la mtumba, gunia 2 ziandikwe kwa kalamu nyeusi jina la mwezi Januari, zisiguswe hata kwa harusi ya rafiki, kwa kuwa ndizo kodi ya nusu ya pili, na 3 zilizobaki ndizo chakula chake na kodi ya shamba la msimu ujao. Kijana aliyeuza gunia zote 8 mwezi wa saba, akashika 480,000 mkononi kwa mara ya kwanza katika umri wake, atapata marafiki wengi mwezi huo na simu mpya, na mwezi wa kwanza atafungiwa mlango kwa kufuli la mwenye nyumba.

Kuhifadhi nako kuna ujuzi wake. Mpunga huwekwa ukiwa mpunga, hukobolewa kadiri ya kutumiwa, kwa kuwa mchele huharibika upesi na huibwa kwa urahisi. Huanikwa hadi punje ikiumwa na jino ivunjike bila kubonyea. Gunia hupangwa juu ya mbao, mbali na ukuta, mahali ambapo maji ya masika hayafiki. Asiye na mahali salama na amwombe shangazi amwekee, mbele ya shahidi, idadi ikiandikwa katika daftari. Nami nasema shahidi makusudi, maana mpunga uliowekwa kwa jamaa bila maandishi umewatenga ndugu wengi kuliko mashamba.

Hapo pana hatari mbili ambazo kijana lazima azisikie kwa masikio yake kabla hajakutana nazo. Ya kwanza ni kuuza mpunga ungali kijani shambani. Februari na Machi ghala huwa tupu, njaa hubisha hodi, na mwenye fedha huja na 35,000 leo kwa ahadi ya gunia moja mwezi wa sita. Kijana huona amesaidiwa, ilhali kwa bei tuliyoitaja amekopa kwa miezi 4 tu na atalipa karibu maradufu. Mfanyishe hesabu hiyo mwenyewe, umwache akae nayo. Ya pili ni mikopo ya mjini ambayo watu wenyewe wameipa lakabu ya kausha damu, itolewayo kwa dakika chache, bila karatasi nyingi, na kudaiwa kila wiki kwa vitisho na kwa kuchukuliwa vyombo. Wako waliokimbia chumba usiku wakaacha godoro na sufuria kwa ajili ya deni lililoanza kwa kununua betri ya pikipiki. Dawa ya hatari zote mbili ni moja: kikundi cha kuweka na kukopa, chenye kisanduku cha kufuli 3 ambazo funguo zake hushikwa na watu 3 tofauti, ambapo mtu huweka hisa kila wiki na kukopa kwa riba inayorudi kwake na kwa wenzake. Mtie kijana kikundini mapema, hata kwa hisa moja ya wiki, ili siku ya njaa ya Machi awe na mahali pa kukimbilia pasipo kuuza mavuno yasiyokuwapo.

Chumba chenyewe nacho kinahitaji macho. Kabla ya kutoa kodi, mfundishe aende kukitazama mchana na tena jioni. Mchana ili aone bati linalovuja na choo kinachotumiwa na wapangaji wote, jioni ili aone ni nani wanaokunywa uani. Kwa mitaa iliyo karibu na Mto Lumemo, ambao hufurika na kuingia nyumbani mwa watu, na aangalie ukutani kimo cha magoti: ukiona mstari wa tope uliopakwa chokaa juu yake, mwenye nyumba amekwisha kukujibu swali ambalo hukumwuliza. Mapatano yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari, yataje jina la kila mmoja, kiasi, tarehe ya kuanza na ya kwisha, na nani atatengeneza kufuli likiharibika. Kila malipo yatiwe sahihi. Na mjumbe au jirani mmoja aone. Mwenye nyumba mwema hatachukia, na anayechukia karatasi amekupa habari muhimu kwa bei ya karatasi. Lakini niseme jambo ambalo nimelisadiki kwa kuwasikiliza wapangaji na wenye nyumba pia: vijana wengi hawatolewi na kodi, hutolewa na ugomvi. Umeme wa Luku ukiisha usiku, nani aliyekuwa akipiga pasi? Zamu ya kufagia uwanja ni ya nani? Wageni watatu waliolala chumbani tangu Ijumaa watachangia maji au hawatachangia? Mambo haya madogo yanapomkuta kijana asiyejua kukiri kosa kwa maneno machache, wala kudai haki yake bila kutukana, humalizika kwa virago kutupwa nje. Kuomba radhi, kukataa kwa staha, na kunyamaza mpaka hasira ipoe hujifunzwa nyumbani, kwa kuwaona wazazi wakivifanya baina yao. Na hapo mlezi na ajitazame, maana hakuna semina itakayoziba pengo hilo.

Kundi moja nalitenga kwa kuwa laachwa mno, nalo ni la wanafunzi wanaopanga. Shule za sekondari za kata, zilizoongezeka sana tangu 2004, zimemletea mtoto darasa karibu, lakini karibu hiyo kwa mtoto wa kitongoji cha mbali ni mwendo wa saa mbili au tatu kwa mguu, na masika hata njia haipo. Hivyo mzazi humpangia chumba karibu na shule, ambacho wenyewe hukiita geto, akampa debe la mchele, dumu la mafuta na nasaha za dakika 5, kisha akaondoka. Msichana wa miaka 15 anaanza hapo maisha ambayo mtu mzima wa miaka 30 huyaona magumu, na mchele ukiisha wiki moja kabla ya baba kuja, yuko mtu mtaani aliye tayari kumpa mchele mwingine. Ikiwa hakuna bweni, na ikiwa huwezi kumweka kwa jamaa wa kuaminika, basi wazazi wa kitongoji kimoja wakodi nyumba moja kwa watoto wao, wamtafute mama mmoja mtu mzima akae nao kwa malipo wanayochangia, na kila wiki mzazi mmoja kwa zamu apeleke chakula na kulala huko usiku mmoja. Ni gharama, lakini haishindi gharama ya mtihani ulioachwa.

Fauka ya fedha na chumba, kijana anahitaji watu, na kwa watu nakusudia wale watakaosema mbele ya wengine, namjua huyu. Katika nchi yetu mtu asiye na mdhamini hupungukiwa na kila kitu: barua ya mtendaji huombwa unapofungua akaunti, unapotafuta kitambulisho cha taifa, unapoomba kazi, hata unapomtoa ndugu polisi, na mtendaji haandiki barua kwa mtu ambaye mwenyekiti wa mtaa wala mjumbe hamjui. Vijana waliofika Ifakara kutoka mbali, wakiwamo watoto wa wafugaji ambao familia zao zilitawanywa bonde lilipofanyiwa operesheni ya kuwaondoa wafugaji na mifugo yao mwaka 2012, hukwama hapo zaidi ya wengine. Hivyo kijana anapohama, hata kwa mtaa wa pili, mlezi amchukue mkono kwa mkono mpaka kwa mwenyekiti wa huko, amtambulishe, na ampe barua ya alikotoka. Msikiti na kanisa, kwaya na timu ya mpira, navyo ni dhamana. Kipa wa timu ya mtaa akilala njaa siku 2, kuna mtu atakayeuliza.

Karatasi za kijana zikusanywe mapema. Cheti cha kuzaliwa, ambacho wengi hukikumbuka siku ya kuombwa, kifuatiliwe kwa wakala wa usajili, RITA, mtoto angali mdogo. Kitambulisho cha taifa kiombwe mara atimizapo miaka 18. Vyeti vya shule na nakala ya cheti cha kifo cha mzazi, ikiwa amefiwa, viwekwe pamoja ndani ya ndoo ndogo yenye mfuniko, ining'inizwe kenchini juu ya mafuriko na panya, na nakala za pili ziwe kwa mjomba.

Nimetaja kufiwa. Mtoto wa marehemu hupoteza nyumba kwa sababu watu wazima hawajui, au wanajifanya hawajui, kwamba msimamizi wa mirathi si mrithi. Kikao cha ukoo humpendekeza tu. Mahakama, aghalabu ya Mwanzo, ndiyo humteua, naye anatakiwa ndani ya miezi 4 kuirudishia mahakama orodha ya mali, na baadaye hesabu ya jinsi alivyoigawa kwa wenye haki. Kijana wa miaka 16 ayajue haya kabla ya msiba, ayaeleze kwa mdomo wake, na ajue kuwa anaweza kwenda mahakamani au kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri kuuliza, bila wakili na bila aibu. Na wazazi walio hai wasiache jambo hili kwa watoto: mradi wa kupima na kumilikisha ardhi uliopita Kilombero, Ulanga na Malinyi tangu 2016 uliwapa wanavijiji wengi hati za kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na hati iliyoandikwa jina la mume na la mke pamoja ni boma imara kwa mjane na wanawe. Aliyeandika jina lake peke yake na arudi ofisi ya kijiji kuuliza namna ya kulirekebisha angali na afya.

Ufundi sasa. Sitaurefusha, kwa kuwa huu hausahauliki. Kila afadhiliye vijana huanza nao, na baadhi huishia nao, wakigawa vyerehani mbele ya kamera. Chuo cha Maendeleo ya Wananchi kipo Ifakara, kimoja katika vyuo 54 vilivyoanzishwa nchini tangu 1975 kwa kuiga mfano wa Sweden, na hazina yake kubwa zaidi ya ufundi unaofundishwa ni kwamba watu wazima na vijana huishi na kujifunza pamoja. Vyuo hivi vimewapokea pia kina mama wasichana walioacha shule, wakaja na watoto wao wachanga, mtoto akalelewa chuoni wakati mama yuko darasani. Na tangu Novemba 2021, kwa waraka wa Wizara ya Elimu, binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi hata katika shule ya kawaida. Baba anayemfukuza binti kwa sababu ya mimba, akisema masomo yamekwisha, anasema jambo ambalo halina msingi tena hata katika sheria. Kwa mvulana anayeingia bodaboda, kazi yake yote imo katika neno hesabu, yaani kile anachompelekea tajiri wa pikipiki kila siku, apate asipate abiria. Na kama ni mkataba, pikipiki huwa yake baada ya kulipa mpaka mwisho. Mkataba huo usomwe na mtu mwingine kabla ya kutiwa sahihi, hasa mahali panaposema nini kitatokea akiugua wiki mbili. Tangu daraja kubwa la Kilombero lilipokiondoa kivuko, na lami ilipofika, abiria wameongezeka, lakini pikipiki zimeongezeka zaidi. Na kijana aliyetimiza miaka 18 akumbuke kuwa katika mapato ya ndani ya halmashauri iko asilimia 10 ya mikopo isiyo na riba, ambayo 4 ni ya vijana. Huombwa kwa kikundi, na kikundi chenye daftari safi husikilizwa mbele ya chenye maneno mengi.

Binti anayechukuliwa kwenda kufanya kazi za nyumbani Morogoro au Dar es Salaam anahitaji mafunzo ya jioni moja tu, lakini jioni hiyo isikosekane. Kwanza umri: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na mzazi anayepokea nauli kwa ajili ya mtoto wa miaka 12 anamwuza, atake asitake kuliita jina hilo. Kisha mapatano: mshahara kiasi gani, utalipwa mkononi mwa nani, siku gani ya mapumziko, nyumba iko mtaa gani na mwenyekiti wa mtaa huo anaitwa nani. Kisha namba 3 za simu, si simuni tu, maana simu hunyang'anywa, bali kichwani, azitaje kwa ghibu kabla ya kupanda gari. Na mojawapo iwe 116, simu ya bure ya kumsaidia mtoto, ambayo haihitaji salio. Mwisho nauli ya kurudi, ishonwe ndani ya pindo la khanga au ya sketi, na asiambiwe mtu.

Mtauliza, mafunzo haya yote yatiwe wapi katika mwaka wa mkulima? Jibu langu ni kuyatia ndani ya kazi zilizopo. Mpe mtoto wa miaka 12 ngwe yake shambani, apande, aamie, avune, auze mwenyewe, na sehemu ya fedha hiyo iingie nyumbani kwa jambo analoliona, kama chumvi na sabuni ya mwezi. Akifika 16, mwezi mmoja umwachie ununuzi wote wa nyumba. Ikifika tarehe 20 unga umekwisha, msile vizuri kwa akiba ya siri ya mama, mle uji wote pamoja, na mwezi unaofuata umpe tena. Wavulana wapike. Mvulana ajuaye kusonga ugali, kuunga dagaa na kupika wali usiungue hubakiza fedha ambazo mwenzake humwachia mama lishe kila siku, na katika bonde la mpunga ni fedheha mtu kununua wali kwa sababu hajui kuupika. Na wakati wa kwenda mashambani, ikiwa lazima mtoto aachwe, aachwe mikononi mwa jirani aliyekubali kwa maneno mbele ya mashahidi, na mzazi mmoja arudi kila baada ya wiki, hata kama ndege watafaidi ngwe mbili. Mpunga huo mtauhesabu katika gharama za malezi.

Nao waliokwisha toka? Akirudi, mpe maji aoge, chakula ale, na usiku alale. Maswali ya kesho ni mengi, ya leo ni moja tu: umeumia mahali? Asisimamishwe mbele ya majirani kuulizwa aliiba nini. Kesho yake, mtu mmoja anayempenda, hata kama si mzazi, amsikilize sababu mpaka mwisho. Na ikiwa alikimbia kipigo kikali au jambo la aibu alilotendewa na mtu wa nyumba ile ile, kumrudisha pale ni kumsukuma mara ya pili. Kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto, halmashauri ina Afisa Ustawi wa Jamii, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu mtoto wa namna hiyo kuwekwa kwa walezi wa kuaminika walioteuliwa, badala ya kurudishwa kwa nguvu au kufungiwa kituoni. Aliye chini ya miaka 18 apelekwe huko na mtu mzima, asitumwe peke yake na kikaratasi.

Aliyekwisha kupita umri huo, asiyetaka tena kukaa chini ya amri ya baba wa kambo, na pengine yuko sahihi, atafutiwe chumba. Ukoo uchange kodi ya miezi 3 tu, isizidi, ilipwe moja kwa moja kwa mwenye nyumba, na mkataba uandikwe kwa jina la kijana mwenyewe. Mjomba awe shahidi na apite kila Jumapili, akae, anywe maji, atazame kama kuna unga ndani ya ndoo, aondoke bila hotuba. Na kodi ya miezi 3 ya pili ailipe kijana, hata kama itambidi auze redio.